Mlolongo wa 1988: wazee wetu wa Amu wananyamazia nini?

Mama Swabra (Langoni, Amu)

Assalaam alaykum. Naomba msaada wa watu wazima wa hapa Amu (Lamu), hasa waliokuwa wamekwisha kupevuka mwaka 1988.

Binti yangu yuko sekondari. Mwalimu wao wa historia amewataka kila mmoja amhoji mzee wa kwao kuhusu mlolongo, ule uchaguzi wa watu kupanga mstari nyuma ya mgombea badala ya kutia karatasi sandukuni. Akamwendea babu yake, yaani babangu. Mzee huyu hadithi haimshindi. Muulize majahazi ya boriti yaliyokwenda Ghuba, atakukalisha barazani mpaka adhana. Lakini alipoulizwa mlolongo, kwanza alitaka kujua ni nani anayeuliza. Kisha akamwambia mtoto afunge dirisha la upande wa njiani.

Rais wa wakati ule, Daniel arap Moi, aliondoka madarakani 2002 na akafariki 2020. Chama chake, KANU, hakitawali tena. Katiba mpya tunayo tangu 2010. Na bado babangu anafungisha dirisha, naye hakuwahi kuwa mwanasiasa wala kufungwa jela, na Nairobi yenyewe hakuizoea.

Mimi kumbukumbu zangu za miaka ile ni za kitoto: maziwa ya Nyayo tuliyogawiwa shuleni, kiapo cha utiifu kwa Rais tulichokisema gwaridani tumenyoosha migongo, picha yake ukutani kila duka uliloingia. Na taarifa ya habari ya redio, ambayo siku zote ilianza na Mtukufu Rais, hata kama kuna meli imezama. Zaidi ya hapo sijui, na najiona nimekatiwa kitu. Mtoto naye anataka kuandika.

Basi niambieni: siku ile ilikuwaje? Kwa nini hofu iliota mizizi huku kwetu, mbali hivi na Nairobi? Na mzee huyu nimkalishe vipi aseme, bila kumtonesha?

Nahodha wa Matondoni

Waalaykum salaam Mama Swabra. Wakati huo nilikuwa kijana wa mashuani. Mengi watayasema wenye elimu, mimi nitakwambia habari ya kadi.

Bila kadi ya KANU hukupanga mstari, maana ule mlolongo ulikuwa wa chama kuteua wagombea wake, na chama kilikuwa ni hicho kimoja. Lakini kadi ilitoka uchaguzini ikaingia maishani. Kulikuwa na siku vijana wa chama wanasimama gatini wanadai kadi kabla hujapakia. Mtu ana mgonjwa anampeleka hospitali, mama ana kapu la samaki linaharibika juani, wao wanadai kadi. Usipokuwa nayo ununue hapohapo, au urudi ulikotoka.

Marehemu babangu alinunua kadi za nyumba nzima. Alimnunulia hata nduguye aliyekuwa amekwisha kufa, kwa sababu jina lake bado lilikuwamo katika orodha ya mtaa na hakutaka mtu aje mlangoni kuuliza kwa nini huyu hana. Nilimwona akilipa. Alihesabu pesa polepole, hakusema neno, na mimi pia sikusema. Ile ndiyo siasa niliyoijua.

Maalim Mstaafu (Mkomani)

Mwanangu Mama Swabra, habari ya dirisha naielewa sana. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka ile. Nitasema nilivyoona kwa macho yangu, na nikifika kwenye sheria nitataja mwaka, ili binti aandike bila kubahatisha.

Aanzie Juni 1982. Mwezi huo Bunge lilitia kifungu cha 2A katika Katiba, kikaifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Kwa vitendo ilikuwa hivyo tangu 1969, serikali ilipopiga marufuku chama cha KPU cha Oginga Odinga na kumtia mwenyewe kizuizini. Lakini sasa hata kufikiria chama cha pili kukawa ni kuvunja Katiba. Agosti Mosi mwaka huohuo wanajeshi wa anga wakajaribu kupindua serikali, wakashindwa, na tokea hapo mkono ukazidi kuwa mzito. 1986 KANU ikakubaliana kwamba wagombea wateuliwe kwa mstari. Na kati ya 1986 na 1988 Bunge likamwondolea Mwanasheria Mkuu, kisha majaji wa Mahakama Kuu na ya Rufaa, ulinzi wa kazi zao. Binti ayasome mambo haya kwa pamoja, asiyatenganishe: aliyedhulumiwa uwanjani angemshitakia nani?

Siku yenyewe ilikuwa Februari 1988. Wakala anasimama ameinua picha ya mgombea wake, watu wanajipanga nyuma, karani anapita akihesabu vichwa. Akimaliza watu wanatawanyika, na ushahidi umekwenda nao majumbani. Hakuna sanduku la kufunguliwa tena, hakuna karatasi ya kurudiwa. Na kulikuwa na kanuni ya asilimia 70: anayezidisha hapo kwenye mstari amepita moja kwa moja, hangoji uchaguzi mkuu wa Machi uliokuwa wa kura ya siri. Kwa hiyo zilikuwepo sehemu za Kenya ambazo mwaka ule kura ya siri ya ubunge haikupigwa kabisa.

Mimi nilisimama mstari mrefu. Mgombea simtaji, ana wajukuu hapa mjini. Uwanja ulikuwa mmoja, jua kali, mistari yote inaonekana, hata mtoto angekwambia upi mrefu. Jina lililotangazwa lilikuwa la mstari mfupi. Si Amu peke yake. Malalamiko ya namna hii yalitoka kila pembe ya nchi, na chama chenyewe kilikuja kuyasikia. 1990 kiliunda kamati chini ya Makamu wa Rais George Saitoti, ikazunguka nchi ikisikiliza watu, na Desemba mwaka ule mlolongo ukaondolewa.

Kuibiwa kura kulituumiza. Kilichotutia hofu ni kule kusimama. Huu ni mji wa vichochoro, ukikutana na punda amebeba matofali lazima mmoja ajibanze ukutani. Uliyemwona mstarini utamwona msikitini, utamwona sokoni, utamwona harusini. Nyuma yangu alikuwa mwenye duka tuliyemkopa unga. Mstari wa pili alikuwepo mkwe wangu. Chifu alikuwa kando na daftari, na kila alipoinamisha kichwa kuandika, kila mmoja wetu alijihesabu kuwa yumo.

Na kuna jambo sijaliona likiandikwa, nami naomba binti aliandike. Mamangu alikuwa katika wanawake wa Mkomani ambao mchana hawakutoka ila kwa dharura. Walitembeleana baada ya magharibi. 1983, uchaguzi ulipokuwa wa kura ya siri, alikwenda kituoni na jirani zake, akatia karatasi yake, akarudi. 1988 hakwenda. Kusimama uwanjani mchana kutwa, wanaume wakikupita wakikuhesabu kwa kidole, lilikuwa jambo asiloliweza, na hakuwa peke yake. Hakuna aliyewakataza wanawake wale kupiga kura. Mstari ulitosha. Mimi huhesabu hili katika madhara makubwa ya mlolongo huku kwetu, na nasikitika kwamba huwasikii wanahistoria wakilitaja.

Baada ya siku ile mambo yalikuja kimya kimya. Mwenzangu shuleni alihamishiwa bara ndani ya muhula, mkewe mjamzito. Mwenye duka leseni yake ikawa kila mwezi inakosa sahihi moja. Kijana wa jirani, aliyeshangilia kwa sauti mstarini, aliomba kitambulisho na faili lake likapotea, akaomba tena likapotea tena. Kijana asiye na kitambulisho hapati kazi, hafungui akaunti benki, na akikutana na polisi Mombasa analala ndani.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana ndilo jibu la swali lako la pili. Bara walitishwa kwa jela, nasi pia jela tulizijua. Ngome yetu hii pale mbele ya soko ilikuwa jela mpaka 1984, tumekua tukiwaona wafungwa. Lakini Mswahili, Mbajuni, Mwarabu wa pwani alitishwa kwa jingine: kuambiwa wewe si wa hapa. Leta cheti cha babako. Leta cha babu. Mnatoka wapi nyinyi? Watu ambao misikiti yao ina karne nyingi wanaambiwa walete karatasi. Ukiwa na tishio hilo kichwani, huhitaji askari mlangoni; utajinyamazisha mwenyewe, na utamnyamazisha mwanao kwa kumpenda. Ikiwa mtaona nazidisha, tazameni yaliyompata Sheikh Khalid Balala wa chama cha IPK (Islamic Party of Kenya). Chama kile kilikataliwa usajili 1992 kwa hoja kwamba ni cha dini, Mombasa ikawaka Mei mwaka huo. Alipokuwa Ujerumani 1994, serikali ikakataa kumpa upya pasipoti ikidai ni raia wa Yemeni. Amerudi nyumbani 1997. Kukubaliana naye au kutokubaliana naye ni shauri jingine, mimi mengi sikukubaliana naye. Lakini kila mtu wa pwani alielewa ile barua aliandikiwa nani.

Nyayo House tulikuwa tukiisikia kwa minong'ono. Jengo lile liko katikati ya Nairobi, watu wanapita kwenda kutafuta pasipoti, na chini yake kulikuwa na vyumba ambamo wanafunzi, wahadhiri na waandishi walioshukiwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali, walifungiwa, wengine katika maji, uchi na njaa, kisha wakapandishwa ghorofa za juu kuhojiwa na kupigwa. Ilikuwa hasa 1986 na 1987. Vyumba vile vilifunguliwa umma uvione 2003, na tangu hapo mahakama zimewaamulia fidia wengi wa walioteswa. Binti aandike kwamba hayo si uvumi, yamethibitishwa mbele ya majaji.

Wala asidhani watu wetu wote walinyamaza. Mimi nilifundisha Kiswahili, na kila nikifundisha ushairi nilikuwa na Abdilatif Abdalla moyoni. Kijana wa Mombasa, miaka yake ishirini na kitu, aliandika waraka mmoja, Kenya: Twendapi?, akiihoji serikali ya Kenyatta ilivyokuwa ikiwabana wapinzani. Alifungwa 1969 mpaka 1972. Mashairi yake ya jela aliyaandika kwenye karatasi za choo, na yalipochapishwa yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya fasihi mwaka 1974, tuzo yenye jina la Rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Na 1991 FORD ilipoanzishwa kudai vyama vingi, katika wale sita waliojitokeza hadharani alikuwemo Ahmed Bamahriz wa Mombasa, pamoja na Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, Philip Gachoka na George Nthenge. Mwaka mmoja kabla, Kenneth Matiba na Charles Rubia, wanasiasa waliodai vyama vingi, walikuwa wametiwa kizuizini siku chache kabla ya mkutano wao wa Saba Saba, 7 Julai 1990, na Matiba akapata kiharusi humo. Hakuwa mzima tena. Sisi huku tulifuatilia kwa Idhaa ya Kiswahili ya BBC, redio imewekwa chini ya mto, watu wanne wameinamisha vichwa. Kuonyesha vidole viwili barabarani ilikuwa ni kutaka kukamatwa, maana KANU ilikuwa kidole kimoja.

Desemba 1991 kifungu 2A kikafutwa. 29 Desemba 1992 tukapiga kura ya siri ya vyama vingi, na mamangu alikwenda na buibui lake, na jirani zake waliobaki hai. KANU ilishinda kwa thuluthi moja tu na kidogo ya kura za urais, kwa sababu upinzani uligawanyika. Hilo lilituvunja moyo sana, nami sitaki binti asome historia akadhani 1992 ndiyo mwisho wa habari.

Kuhusu mzee: usimuulize siasa. Neno lenyewe linamfungia mlango. Muulize kadi yake aliiweka wapi. Muulize siku ile nani alisimama mbele yake na nani nyuma yake. Muulize mamako alikwenda? Na kalamu isionekane mwanzo. Naye akitaka dirisha lifungwe, lifungeni bila kumsuta.

Bint wa Kiunga (Malindi)

Nimemsoma Maalim na mwili umenisisimka. Shikamoo Maalim. Naomba kuongeza, kwa sababu watu wa Amu mjini husahau Wabajuni wa bara na wa visiwa vya kaskazini.

Mimi nachuuza samaki hapa Malindi, lakini Malindi si kwetu. Bibi yangu alitoka kijiji cha upande wa Kiunga. Vita vya shifta, yaani vya Wasomali wenye silaha waliotaka kaskazini ijitenge na Kenya, vilipozuka baada ya uhuru, 1963 mpaka 1967, watu wetu walibanwa kati ya mashifta na askari wa serikali. Mashifta wanakuja usiku wanataka chakula, askari wanakuja mchana wanauliza mbona mmewapa chakula. Vijiji vikahamwa, watu wakakimbilia Amu, Malindi, Mombasa. Minazi ya bibi imebaki kule na visima vyake. Vingi havikurudiwa mpaka leo.

Sasa sikilizeni sheria, maana mimi niliambiwa na mwanasheria mmoja nikadhani ananitania. 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kinga, iitwayo Indemnity Act. Ilisema hakuna wa kuishitaki serikali wala askari kwa yale waliyoyafanya kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967 Kaskazini Mashariki, na katika wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River, na Lamu. Lamu imetajwa kwa jina. Yaani ukipigwa, ukachomewa nyumba, ukauliwa mwanao, mlango wa mahakama umefungwa kwa kufuli ya Bunge, na huo ni utawala wa Kenyatta, Moi hajaingia bado.

Kwa hivyo Mama Swabra, babako 1988 hakuwa anaanza kuogopa. Alikuwa anaendelea. Pengine yeye mwenyewe au babake aliona mambo ya shifta, na somo walilolipata ni kwamba mtu akikudhulumu huna pa kwenda.

Na kitambulisho, wallahi Maalim amegusa donda. Nilipoomba changu niliitwa kwenye vetingi, yaani kuchunguzwa uraia. Wazee wamekaa mezani wananiuliza cheti cha kuzaliwa cha babu. Babu alizaliwa kijiji ambacho leo hakina mtu, cheti nikitoe wapi? Dada mmoja niliyepanga naye foleni, jina la kibara, alimaliza na kuondoka nikiwa bado naulizwa naswali kwa madhehebu gani. Nililia njia nzima kurudi nyumbani, na sikulia kwa kukosa ile karatasi. Nililia kwa sababu mmoja wa wale wazee alikuwa anamjua bibi yangu vizuri, na hakufungua mdomo.

Msomi wa Sheria (Malindi)

Heshima kwenu wote, Maalim shikamoo. Naomba niseme jambo ambalo labda halitapendwa.

Naelewa hofu. Lakini kimya cha wazee wetu kimetugharimu sisi vijana. Juni 2024 tulipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, hapa Malindi kama kwingineko, wazazi wengi walituambia tukae nyumbani, siasa si yetu. Hawakutuambia kwa nini. Hawakutuambia kwamba waliwahi kuona watu wakichukuliwa na askari kanzu. Tukajifunza upya kila kitu kwa migongo yetu. Kuanzia Juni mpaka mwisho wa Desemba 2024 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu visa 82 vya watu kutekwa. Gari lisilo na alama, watu wenye kofia zilizofunika nyuso, simu imezimwa. Mzee aliyeishi 1986 akisikia hayo anajua anachosikia. Kwa nini asiseme?

Sheria zetu za sasa si za 1988. Mwaka ule Katiba ilibadilishwa hata mshukiwa wa kosa la kunyongwa akaweza kushikiliwa na polisi siku 14. Leo kifungu cha 49 kinataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, cha 37 kinalinda maandamano ya amani, cha 29 kinakataza mateso. Na mahakama inaweza kusikia: ni Mahakama Kuu ya hapahapa Malindi iliyoamua 2018 kwamba wavuvi wa Lamu walipwe zaidi ya shilingi bilioni 1.7 kwa bandari iliyojengwa bila kuwashirikisha. 2019 leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kule Lamu ikafutwa na baraza la rufaa za mazingira (National Environment Tribunal), kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Hayo yalipatikana kwa watu waliokwenda kusema majina yao mbele ya jaji.

Kwa hiyo nauliza, kwa adabu: mpaka lini tufunge dirisha?

Maalim Mstaafu (Mkomani)

Mwanangu Msomi, marahaba. Umeuliza kwa adabu na nitakujibu bila kukwepa.

Katika wavuvi hao waliokwenda kusema majina yao, wengine ni wa rika langu. Waulize. Wapo waliopanga mlolongo 1988 na waliokaa nyumbani miezi ya kafyu ya 2014 baada ya mauaji ya Mpeketoni, usiku bahari imefungwa na watoto hawana kitoweo. Wazee wale wale. Kwa hiyo usimpime mzee kwa kauli yake ya barazani.

Lakini juu ya kuwaambia watoto, haki iko kwako. Sikubaliani na mwenzangu yeyote anayesema tuliwanyamazia ili kuwalinda na hapo shauri likaisha. Mlihitaji kujua, na mliingia barabarani bila kujua. Kila nikisikia habari ya gari lisilo na alama sipati usingizi, na si kwa sababu ya uzee.

Jambo moja ulitie katika masomo yako. Ukisimama gatini Amu ukatazama ng'ambo, ile ni Manda, tunapokwenda kupanda ndege. Miaka ya 1950 serikali ya Waingereza iliwafungia kule watu walioshukiwa kuwa Mau Mau, akiwemo mwandishi Gakaara wa Wanjau, bila kesi wala hukumu. Uhuru ulipokuja, mbinu ile ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani haikuzikwa. Bunge letu wenyewe liliiandika upya katika sheria ya usalama wa umma, na ndiyo iliyotumiwa kwa Odinga, kwa Matiba, kwa Rubia. Chombo kikishatengenezwa, anayekuja hukikuta mezani. Nyinyi wanasheria vijana mkitaka kutusaidia, shughulikeni na vyombo, sio na majina ya marais tu.

Nahodha wa Matondoni

Msomi, nami ni mmoja wa waliokwenda kwenye ile kesi ya bandari. Hukumu tuliisikia, pesa ni hadithi ndefu. Lakini siku ile jina langu liliitwa mahakamani na nikasema naam. Baba hakuwahi kupata siku kama hiyo.

Mama Swabra (Langoni, Amu)

Allah awalipe kheri nyote. Nimesubiri kurudi hapa mpaka niwe na la kusema.

Nilifanya kama Maalim alivyosema. Nilimpelekea mzee kahawa, binti akakaa mkekani bila daftari, nikamuuliza kadi ya KANU aliiweka wapi. Akasema ipo. Akataja sanduku. Hakuinuka kuitafuta na sisi hatukumwomba. Kisha akaanza kwa mama yangu, Mungu amrehemu: kwamba mwaka ule alimkataza kwenda uwanjani, na kwamba mama alimkasirikia, akasema na mimi ni mwanachama, kadi umeninunulia ya nini? Hilo sikuwahi kulisikia maishani mwangu. Nilijua mama ni mpole.

Juu ya mstari alitaja watu wawili tu, wote wamekwisha kufa. Habari ya shifta alipoisikia kutoka kwangu alimuuliza binti, "Nani kakwambia?" Binti akajibu ni dada mmoja wa Malindi ambaye bibi yake alitoka Kiunga. Akauliza jina la kijiji. Bint wa Kiunga, nakuomba nijulishe faraghani, kwa sababu nadhani anataka kujua kama anawajua watu wenu.

Binti ameandika kurasa nyingi na mwalimu amemwongezea muda. Ripoti ya ile Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhiwa Mei 2013, ameambiwa aisome sehemu za Pwani, na Msomi kama una nakala tutashukuru. Maalim, kuna siku yuko tayari kukujia na simu ya kurekodi, ili yale ya wanawake wa Mkomani yasipotee. Yeye ndiye aliyeomba, mimi nawasilisha tu.

Na sasa swali lake jipya, ambalo mimi sina jibu: kuna mtu yeyote, Amu, Faza, Siyu, Malindi au kokote, aliye na picha ya mlolongo? Hata ya mbali, hata iliyofifia. Nyuso tutaziziba kwa mwenye kutaka.